Miwani Kutoka Jaani

Haya, sogeeni. Leo hakuna sungura wala fisi. Leo nina mtu wa kweli, tena yu hai: Cyrus Kabiru, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kukulia jirani na jaa la Dandora, malori yanakomwaga taka za jiji.

Kabiru mdogo alitaka miwani. Macho yake hayakuwa na neno. Alitamani tu, kama nyinyi mnavyotamani simu. Baba yake hakutaka hata kuisikia. Baba huyo utotoni mwake aliwahi kuharibu miwani, akachapwa, na chuki ile haikumtoka. Akamwambia mwanawe: ukitaka miwani, jitengenezee. Baba akisema hivyo, kwa kawaida anataka mtoto anyamaze. Huyu akaenda kutafuta waya.

Hajaacha mpaka leo. Miwani yake ameipa jina C-Stunners. Waya hukunjwa kwa koleo mpaka ukalie pua na kushika masikio. Mbele, penye kioo, yeye huweka bati lenye matundu, wavu, vizibo vya soda, kijiko, skrubu, vipande vya mashine iliyokufa. Ukiivaa huoni vizuri, nisiwadanganye. Nyingine zimetanuka hadi kufunika nusu ya uso, ukadhani mvaaji ametoka sayari nyingine, au ametoka ngomani amevaa kinyago.

Sasa, kwa nini miwani na si bangili? Mimi naisoma hivi. Kizibo kile kilikwisha kufunga soda ya mtu, kikatupwa, kikakanyagwa. Kabiru anakiokota na kukiweka machoni pako, mahali ambapo huwezi kukikwepa. Kile ulichokitupa ndicho unachokitegemea sasa kikuoneshe njia. Hapo ndipo utundu wake ulipo.

Mfululizo mmoja ameuita Macho Nne. Mnajua shuleni ni nani huitwa hivyo, na haitwi kwa heshima! Yeye kalichukua jina la utani, akalipeleka kwenye majumba ya sanaa. Kazi zake zimefika hata Zeitz MOCAA, Cape Town. Na mara nyingi miwani yake huivaa mwenyewe, akapigwa picha. Miwani ikikaa mezani ni chuma. Uso ukiingia ndani, inakuwa mtu fulani.

Baadaye akageukia baiskeli za Black Mamba. Hizo ni zile nyeusi, nzito, za chuma kitupu, zilizobeba maziwa, makaa na abiria kabla pikipiki za bodaboda hazijazisukuma pembeni. Anakusanya vipande vyake, anaunda sanamu zisizopandika, ili baiskeli ile isipotee kimyakimya. Kama babu yako aliwahi kuwa nayo, usimuulize habari zake usiku wa kuamkia shule. Hamtalala.