Kamera ya Zamani Haitaki Kadi Kubwa

Wenye kamera za mtumba huniuliza swali moja kila mara: kadi ni mpya, imeingia vizuri kwenye tundu lake, mbona kamera haiisomi? Wengine huwa wameshakata tamaa na kamera yenyewe. Nawasihi wasiitupe, kwa sababu mara nyingi ni nzima kabisa. Kilichokosewa ni kadi, na kosa lilianzia dukani pale mtu alipodhani kwamba kila kadi inayoingia kwenye tundu itafanya kazi.

Tuchukue Nikon D50, kamera ya megapikseli 6 iliyotoka mwaka 2005. Inatumia kadi za SD. Ukiomba kadi ya SD dukani leo, utapewa ya gigabaiti 32 au 64. Umbo ni lile lile, milimita 32 kwa 24, lakini D50 haitaitambua. Kadi za SD za mwanzo ziliishia gigabaiti 2. Mwaka 2006 zikaja SDHC, zinazofika gigabaiti 32, na mwaka 2009 SDXC, zilizopita hapo. Kamera inayokubali kadi za kizazi kipya husoma pia za vizazi vilivyotangulia, lakini kamera ya zamani haiwezi kusoma kadi iliyokuja baada yake.

Sababu iko katika namna kamera na kadi zinavyoelewana. Kadi ya SD ya mwanzo huhesabu mahali pa kuweka data kwa baiti moja moja, ilhali SDHC huhesabu kwa mafungu ya baiti 512, kama watu wawili wanaogawana mahindi, mmoja akihesabu punje na mwenzake magunia. Ili kuepusha mkanganyiko huo, kadi ya SDHC husubiri kamera ioneshe kwanza, kwa amri maalumu, kuwa inaijua hesabu mpya. D50 haina amri hiyo, kwa hiyo kadi haianzi kazi hata kidogo. Ndiyo maana kuifomati kadi kwenye kompyuta hakusaidii, hata ukirudia mara ngapi.

Kati ya SDHC na SDXC hali ni tofauti kidogo. Hizo mbili huhesabu kwa namna moja. Kinachozitenga hasa ni mpangilio wa mafaili, FAT32 kwa SDHC na exFAT kwa SDXC. Baadhi ya kamera za SDHC hukubali kadi ya gigabaiti 64 ikishafomatiwa kwa FAT32. Hata hivyo, kwa picha za harusi au kazi yoyote isiyorudiwa, mimi singethubutu. Kadi ya gigabaiti 16 au 32 inatosha na haina mashaka.

Kwa hiyo anza kwa kuikagua kamera. Fungua kifuniko cha kadi utazame alama iliyochapwa karibu na tundu, au kwenye mwili wa kamera. Ukiona SD peke yake, bila herufi HC wala XC, tafuta kadi ya gigabaiti 2 au chini yake. Usiidharau. Picha ya JPEG ya ubora wa juu kutoka D50 ina takriban megabaiti 3, hivyo kadi hiyo hubeba picha zaidi ya 500. Ukikosa kadi ya aina hiyo yenye umbo kamili, kadi ndogo ya simu ya gigabaiti 2 ndani ya adapta yake hufanya kazi vilevile, mradi adapta iwe imara.

Kasi isikuumize kichwa. Namba 10 ndani ya herufi C ina maana kadi inaandika angalau megabaiti 10 kwa sekunde, lakini kamera nyingi za miaka ile hazifikii hapo. Ukilipia kadi ya kasi zaidi, faida utaiona wakati wa kuhamishia picha kwenye kompyuta.

Kamera nyingine za zamani hazitumii SD kabisa. Olympus na Fujifilm walileta kadi za xD mwaka 2002. Nazo ziliishia gigabaiti 2 na hazitengenezwi tena, kwa hiyo utakayoipata ijaribu ndani ya kamera yako kabla ya kulipa. Kamera za CompactFlash zina pini 50 nyembamba ndani ya tundu. Iingize kadi ikiwa imenyooka, na ukihisi imegoma usiisukume: pini moja ikipinda, utakachokuwa unatengeneza ni kamera.

Jihadhari pia na kadi bandia. Kuna kadi iliyoandikwa gigabaiti 32 ambayo chipu yake ina 4 tu, na imepangwa iidanganye kamera. Picha za mwanzo hutoka vizuri. Zinazofuata hupotea au huharibika, na hutajua mpaka ufike nyumbani. Programu ya bure ya H2testw huijaza kadi yote kisha huisoma tena, na hapo uongo hujulikana. Fanya hivyo siku ile ile uliyonunua, risiti ikiwa bado mkononi. Kadi ikifaulu, ifomati ndani ya kamera yenyewe, na kila ukitaka kuichomoa subiri kwanza taa ya kadi iache kuwaka.