Bursi inaanzia kwenye karatasi za nyumbani

Matokeo ya Exetat yakitoka, wengi wetu tunajiuliza: minervali ya chuo kikuu itatoka wapi? Bursi zipo, hata kama ni chache. Excellentia, ya Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi, inasaidia waliopata alama za juu katika Exetat. BEBUC, iliyoanzishwa na profesa Mjerumani Gerhard Bringmann, inasaidia wanafunzi hodari katika vyuo vikuu vyetu.

Lakini sisi walimu tunaona watoto wenye akili wakianguka kwenye dosiye, si kwenye alama. Buleteni moja ilipotea wakati wa kuhama. Cheti cha kuzaliwa kinasema Furaha Sifa, diploma inasema Faraha Sifa: tayari ni watu wawili! Kusahihisha jina kunaweza kuchukua miezi, na tarehe ya mwisho haingoji mtu.

Basi tuangalie majina sasa, herufi kwa herufi, mbele binti hajaandikishwa kwa mtihani. Karatasi zenyewe zibaki nyumbani ndani ya plastiki. Fotokopi ndizo zitembee. Barua ya kuomba aiandike binti mwenyewe, si baba mkubwa, hata kama ni mwanasheria. Na anayedai pesa ili “kusukuma” dosiye, tusimpe hata franka moja.