Petroli, Saa na Ubao Mweusi

Katika viwanja vya ndege vya Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, miaka ya 1943 na 1944, mtu aliyetaka kujua kabla ya marubani wenyewe ni upande gani wa Ujerumani utakaopigwa usiku ule hakuwa na haja ya kuvunja kasha la siri wala kutega sikio mlangoni mwa maafisa. Ilimtosha kusimama karibu na gari la petroli na kuuliza ni galoni ngapi zitiwazo katika matangi ya ndege za Lancaster. Matangi yale yakijaa yalichukua galoni 2,154, na siku yalipoamriwa kujazwa hadi ukingoni, na mzigo wa mabomu ukapunguzwa ili ndege iweze kuinuka, mafundi walitazamana bila kusema neno, kwani walifahamu kuwa safari ni ya mbali, yamkini Berlin. Na siku petroli ilipopungua na mabomu yakazidi, walijua kuwa ni viwanda vya bonde la Ruhr, safari fupi isiyokuwa na wepesi wowote.

Nimeanza na petroli kwa makusudi. Vita vya angani aghalabu husimuliwa kwa ulimi wa mashujaa, nao ushujaa ulikuwapo, sitaki kuupunguza; walakini mtu akizitazama shughuli za kila siku za Kamandi ya Ndege za Mabomu ya Uingereza huona zaidi kazi ya bohari, ya karani na ya mpiga hesabu, yaani uzito, masafa, dakika, na idadi ya waliorudi. Saa saba au nane za kuruka usiku zilikuwa mkia tu wa mchana mzima wa kazi za mikono, na wengi wa wenye mikono hiyo hawakuondoka ardhini kamwe.

Mchana huo ulianzia mbali na Lincolnshire. Karibu na mji wa High Wycombe, magharibi mwa London, palikuwa na chumba kilichochimbwa chini ya ardhi, na kila siku, ipatapo saa tatu asubuhi, alishuka humo Sir Arthur Harris, amiri wa kamandi hiyo tangu Februari 1942, mtu wa maneno makali, ambaye ujanani mwake alikwenda Rhodesia kutafuta maisha, na vita vya 1914 vilipozuka akajiunga na kikosi cha huko akiwa mpiga tarumbeta, akaenda kupigana na Wajerumani katika Afrika ya Kusini-Magharibi. Aliyehitajiwa kuliko wote katika baraza lile alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa, Magnus Spence, wala si ajabu, kwa maana kila kitu kilikuwa chini ya amri ya Harris isipokuwa mawingu. Je, shabaha itakuwa wazi au imefunikwa? Pepo za juu zitavuma kutoka wapi, na kwa nguvu gani? Na swali ambalo msomaji wa leo huenda asilikumbuke: alfajiri, ndege zitakaporudi na wanaume waliochoka na petroli iliyokaribia kwisha, je, viwanja vya nyumbani vitaonekana, ama vitakuwa vimezama katika ukungu? Nahodha wa jahazi aliweza kungoja kaskazi majuma mazima, akila tende na kushona tanga lake. Harris alipaswa kukata shauri kabla chai haijapoa.

Miji katika orodha yake ilikuwa na majina ya samaki, kwa sababu naibu wake, Sir Robert Saundby, alikuwa mpenzi mkubwa wa kuvua kwa mshipi. Berlin iliitwa Whitebait, nao ni visamaki vidogo wanavyovikaanga Waingereza kama sisi tukaangavyo dagaa. Hivyo mji wa mamilioni ya roho ukaingia katika amri za vita kwa jina la kitoweo.

Shabaha ilipokwisha chaguliwa, amri iliteremka kwa simu na kwa mashine za kupeleka maandishi, kutoka makao makuu hadi makundi, na kutoka makundi hadi vituo. Na mara ile ile simu za kituo za kuzungumza na watu wa nje zikafungwa. Kila kituo kilikuwa kama mji mdogo wa watu 2,000 na zaidi, wapishi, madereva, mafundi wa injini, washonaji wa miamvuli, wasichana wa jeshi la anga waliopokea simu na kuendesha magari, ilhali walioruka usiku mmoja hawakupita mia mbili au mia tatu hivi. Asubuhi hiyo kila ndege ilirushwa kidogo ili injini, redio na rada zijaribiwe. Na hapo pana jambo la kuchekesha, kama vita vina la kuchekesha: Wajerumani, waliokuwa wakisikiliza ng'ambo ya bahari kwa vyombo vyao, waliyanasa mawimbi ya majaribio hayo, wakajua kuwa usiku watapata wageni. Simu zilifungwa ili siri isitoke, nayo ikatoka kwa mlango wa mafundi.

Mchana matrekta yalikokota mabomu kutoka ghala lililojengwa kando, mbali na watu, kwa sababu zisizohitaji maelezo. Mzigo wa kawaida wa kwenda mjini ulikuwa na bomu moja la ratli 4,000, lenye umbo la pipa na ganda jembamba, pamoja na mamia ya mabomu madogo ya kuwasha moto, ya ratli 4 kila moja. Mpango wa mchanganyiko huo lazima uelezwe wazi, kwani ndiyo maana ya kazi yote: bomu kubwa halikukusudiwa kuchimba shimo, bali kwa upepo wa mlipuko wake lilikusudiwa kung'oa mapaa na kuvunja madirisha, ili yale madogo yapate pa kuingilia na moto upate hewa. Amri iliyotolewa Februari 1942 ilikuwa imekwisha kutaja, bila ya kuficha, kwamba kinachopigwa ni moyo wa raia, hasa wafanyakazi wa viwandani. Wako waandishi wanaozungumza habari za kamandi hii kana kwamba ilipiga viwanda tu na raia wakafa kwa bahati mbaya. Mzigo wenyewe unawakanusha.

Watu wa kamandi walifikaje huko? Walifikishwa na giza. Mwanzoni mwa vita walijaribu kwenda mchana, wakachinjwa. Wakageukia usiku, na usiku hawakuona kitu. Mwezi wa Agosti 1941 mtumishi mmoja wa serikali, D. M. Butt, baada ya kuzichunguza picha zilizopigwa na ndege zenyewe, alibainisha kuwa katika ndege zilizodai kuwa zimepiga shabaha, ni moja tu katika tatu iliyofika ndani ya maili 5 za shabaha hiyo. Kwa hiyo wakachagua shabaha isiyoweza kukosekana kwa urahisi, nayo ni mji mzima. Na usiku wa tarehe 30 Mei 1942, walipopeleka ndege zaidi ya 1,000 Cologne, walianza mtindo wa kuzipitisha zote katika mkondo mmoja, kwa dakika 90 tu, ili walinzi wa kila eneo, ambao rada zao ziliweza kuongoza ndege chache tu kwa wakati mmoja, wazidiwe na wingi wa wapitao. Tangu hapo saa ya mkononi ikawa silaha kama bomu. Aliyewahi dakika tano alifika peke yake mbele ya mizinga. Aliyechelewa dakika tano alibaki nyuma, peke yake vile vile.

Alasiri wanaume saba wa kila ndege waliingia katika ukumbi, mlango ukafungwa, pazia likavutwa, na juu ya ramani ukaonekana utepe uliokata pembe nyingi kutoka Uingereza hadi shabaha. Saba hao walikuwa rubani, fundi wa injini, mwongoza njia, mwenye kulenga mabomu, mtu wa redio, na wapiga bunduki wawili, mmoja juu ya mgongo wa ndege na mmoja mkiani. Katika lugha yetu neno rubani lilikuwa la baharini kabla ya kupanda mawinguni, na rubani wa baharini ndiye ajuaye mikondo na miamba. Kwa haki, basi, jina lile lilimfaa zaidi mwongoza njia, aliyeketi nyuma ya pazia na taa ndogo na kalamu ya risasi, asione moto wala nyota, akipiga hesabu ya upepo usiku kucha, na huyo ashikaye usukani angeitwa nahodha. Miongoni mwa waongoza njia alikuwapo Mwafrika, Johnny Smythe wa Sierra Leone, ambaye ndege yake iliangushwa Ujerumani mwezi wa Novemba 1943, akakaa mfungwa wa vita hata mwisho.

Kabla ya kuondoka walipewa mayai ya kukaanga, neema kubwa katika nchi ambayo raia walipimiwa yai moja moja. Walipewa miamvuli, chokoleti, na vidonge vya kuzuia usingizi. Magharibi ikiingia, taa ya kijani ilimulika kutoka ukingoni mwa njia ya kurukia, na ndege yenye uzito wa zaidi ya ratli 60,000 ikajivuta mbele, na nyingine nyuma yake baada ya dakika moja hivi, na nyingine tena, huku wasichana na mafundi wamesimama baridini wakipunga mikono.

Ya njiani nitayapita upesi, maana yamekwisha andikwa sana: baridi ya mkiani iliyoshuka hata digrii 40 chini ya sufuri, taa za kumulika angani, na ndege za Wajerumani zilizojipenyeza chini ya tumbo na kupiga kwa mizinga iliyoelekezwa juu, mahali ambapo mpiga bunduki hakuweza kuona. Juu ya shabaha watangulizi walikuwa wamekwisha angusha fataki za rangi, nyekundu na kijani, na kila mwenye kulenga alilala kifudifudi puani mwa ndege, akingoja rangi ile ije katika alama yake. Hapo ndipo rubani alipotakiwa kwenda moja kwa moja bila kuyumba, na hata baada ya bomu kuondoka aliendelea hivyo kwa muda ili kamera ipige picha, kwani safari bila picha ilikuwa neno la mtu tu. Si ajabu basi kwamba kila aliyekuja aliachia mapema kidogo kuliko mwenziwe aliyetangulia, hata moto ukawa unatambaa kinyumenyume, maili baada ya maili, kuelekea upande zilikotoka ndege. Wakuu walilijua jambo hilo, na badala ya kuwalaumu vijana waliliingiza katika hesabu.

Na hesabu nyingine ilifanywa katika chumba cha wataalamu pale makao makuu, alikofika mwaka 1943 kijana wa miaka 19, Freeman Dyson. Muda wa kazi ulikuwa safari 30, ndipo mtu apumzike. Ikipotea ndege 4 tu katika kila 100 kwa usiku mmoja, kiasi kinachoonekana kidogo asubuhi katika karatasi, baada ya safari 30 huwa wamebaki watu 29 katika mia. Wakubwa walipenda kuamini kuwa mazoea humlinda mtu. Dyson alizichambua takwimu akaona kuwa hayamlindi. Akaona na jambo jingine: katika walioangushwa ndani ya ndege za Halifax, robo hivi waliokoka, bali katika Lancaster, ndege iliyosifiwa kuliko zote, ni 15 tu katika mia, na tundu la kutokea la Halifax lilikuwa na upana wa inchi 24, la Lancaster inchi 22. Inchi mbili! Katika watu wapatao 125,000 walioruka na kamandi hii, 55,573 walikufa. Na usiku mmoja tu wa Nuremberg, tarehe 30 Machi 1944, chini ya mwezi uliong'aa, ziliondoka ndege 795 na hazikurudi 95. Chini yao, katika mji wa Hamburg peke yake, mwezi wa Julai 1943, walikufa watu wapatao 40,000, wengi wao kwa moto uliovuma kama tufani usiku wa tarehe 27.

Katika chumba cha kuongozea kituo kulikuwa na ubao mweusi, na karani, mara nyingi msichana, aliandika humo kwa chaki herufi ya kila ndege, jina la mkuu wake, saa ya kuondoka, na kando yake nafasi tupu ya saa ya kurudi. Waliorudi walipewa chai, mara nyingine yenye ramu, wakaketi mezani mbele ya afisa wa upelelezi wakaulizwa wameona nini, kisha wakaenda kula mayai tena. Nafasi zilizobaki tupu zilingojewa. Simu zilipigwa vituo vingine, huenda wametua huko kwa sababu ya ukungu au injini iliyokufa. Halafu likabaki la mwisho kuangaliwa, nalo ni hesabu: ndege iliyoondoka saa kumi na moja na nusu jioni na petroli ya saa tisa haiwezi kuwa angani baada ya saa nane na nusu usiku. Saa hiyo ikifika, karani hakuambiwa kitu na mtu yeyote. Na kule mbali uwanjani, juu ya duara tupu la saruji, fundi aliendelea kusimama na tochi yake ijapokuwa hesabu aliijua kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyezitia galoni zile.