Fahamu: Kwa nini picha za treni za kale haziuzwi kiholela

Nchini Uingereza, reli nyingi za kihistoria huendeshwa kwa nguvu za watu wa kujitolea, mfano ulioanzishwa na reli ya Talyllyn, Wales, mwaka 1951. Kwa sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1988, hakimiliki ya picha kwa kawaida ni ya aliyeipiga. Hata hivyo, stesheni ya reli kama hizo ni eneo binafsi, na anayekata tiketi hufungwa na masharti ya tiketi hiyo. Mara nyingi picha za kumbukumbu huruhusiwa, lakini kuzitumia kwenye kalenda za kuuza au matangazo huhitaji kibali, pengine na ada. Aliyesimama barabarani, akiinasa treni ikifuka moshi darajani, hahusiki na masharti ya tiketi. Injini za mvuke ni ghali kuzikarabati. Kulipia kibali ni kuzisaidia ziendelee kutembea.