Bia Yenye Ukungu: Jicho Pekee Halitoshi Kuhukumu

Kinywaji kilichowekwa mbele yangu kilikuwa na rangi ya majani makavu, lakini nilipoinua bilauri sikuweza kuviona vidole vyangu upande wa pili. Tulikuwa katika kiwanda kidogo cha bia mjini Plzeň, magharibi ya Jamhuri ya Cheki, nchi niliyosomea shahada yangu ya udaktari. Nilidhani pipa limeharibika, nikasema hivyo. Mwenyeji wangu, aliyeipika bia ile mwenyewe, alitabasamu, akanitaka nifumbe macho kabla ya kutoa hukumu.

Makala haya hayakusudii kumshawishi msomaji anywe pombe. Wako wengi wasiokunywa kwa sababu ya dini au afya. Shabaha yetu ni swali la kisayansi: je, kinywaji kisichong'aa ni kinywaji kichafu?

MJI ULIOZAA BIA YA KUNG'AA

Ajabu ni kwamba Plzeň ndio mji uliowafundisha walimwengu kupenda bia ya rangi ya dhahabu, inayopitisha nuru. Inasimuliwa kuwa mwaka 1838 mapipa 36 ya bia iliyoharibika yalimwagwa hadharani mbele ya jumba la halmashauri ya mji. Wenyeji wakaungana kujenga kiwanda kipya, wakamwajiri Josef Groll kutoka Bavaria. Tarehe 5 Oktoba 1842 Groll alipika bia ya kwanza ya aina ambayo leo huitwa pilsner. Alitegemea vitu vinne: kimea cha shayiri kilichokaushwa bila kuunguzwa, maji ya Plzeň yenye madini machache, hamira ifanyayo kazi kwenye baridi, na hopi za wilaya ya Žatec.

Hopi ni mmea utambaao. Maua yake ya kike hufanana na matunda madogo ya msonobari, na ndani yake mna unga wa manjano uitwao lupulini. Unga huo una asidi za alfa, ambazo zikichemshwa hubadilika umbo na kuipa bia uchungu wake. Una pia mafuta mepesi yenye harufu, ambayo hupotea upesi pamoja na mvuke. Kwa ufupi, uchungu wahitaji moto, na harufu huukimbia moto. Kanuni hiyo ndiyo iliyomwongoza mpishi wa bia niliyokuwa nimeishika.

HARUFU YA MAPERA

Nilifumba macho, nikanusa. Kwanza ilinijia harufu ya mkate mpya, ambayo ni ya kimea. Kisha nikapata mapera na pasheni, kana kwamba nimesimama sokoni nyumbani. Hapakuwa na tunda hata moja katika pipa lile.

Hopi za Žatec zina harufu tulivu ya majani na viungo. Mwenyeji wangu alizitia wakati wa kuchemsha, kama desturi ya mji wake. Lakini bia ilipokwisha kuchachuka na kupoa, aliongeza hopi za aina mpya iitwayo Nelson Sauvin, iliyotolewa New Zealand mwaka 2000. Kwa kuwa hazikupita motoni, mafuta yake yalibaki. Hopi hizo zina thioli, yaani kemikali zenye salfa, ambazo ni jamaa za zile zilizomo katika mapera na pasheni. Pua ya binadamu huweza kuzitambua zikiwa chini ya mikrogramu 1 katika lita nzima. Pua yangu, basi, haikukosea.

Nikanywa fundo moja. Bia ilijaa kinywani kuliko ile iliyochujwa. Utamu mdogo wa nafaka ulitangulia, uchungu ukafuata taratibu na kukaa nyuma ya ulimi, kisha ukaondoka ukiacha kinywa kikavu na safi. Nilipofumbua macho, ukungu ulikuwa pale pale. Nilimwomba mwenyeji wangu radhi.

UKUNGU WATOKA WAPI?

Ukungu wa bia una asili mbili kubwa. Ya kwanza ni hamira, chembe hai zenye upana wa mikromita 5 hadi 10. Ya pili ni protini za nafaka zinazoshikamana na polifenoli za hopi na za maganda ya shayiri.

Mwaka 1878 Lorenz Enzinger wa Ujerumani alibuni chujio la bia. Baadaye viwanda vingi vilizoea kuchujia udongo wa dayatomu, yaani magamba ya mwani mdogo wa kale. Udongo wa namna hiyo hupatikana pia Kariandusi, karibu na Gilgil, nchini Kenya. Kuchuja kuna faida: bia hudumu zaidi, na kila chupa hufanana na mwenzake. Lakini chujio huondoa pia sehemu ya protini zinazoshika povu na sehemu ya harufu. Asiyechuja hupata ladha kamili zaidi, ila hana budi kuitunza bia yake kwenye baridi na kuiuza mapema.

Tusivuke mpaka, tukadai kwamba kila ukungu ni mwema. Bakteria nao huleta ukungu. Ule wa protini unaosababishwa na baridi hutoweka bilauri ikipata joto la chumbani. Ukibaki, nao ukaambatana na ukali usiotarajiwa au harufu ya siagi, hapana budi tone la bia hiyo lichunguzwe kwa hadubini.

JICHO LIAMURUPO PUA

Mwaka 2001 Gil Morrot na wenzake wa Ufaransa walichapisha jaribio mashuhuri. Walitia rangi nyekundu isiyo na harufu katika mvinyo mweupe, wakawapa wanafunzi 54 wa taaluma ya mvinyo. Wanafunzi hao waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Jicho liliiamuru pua, nayo ikatii.

Nami nililitii jicho tangu ujanani. Nilikuwa nikiona haya bibi alipowatolea wageni mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Kilimanjaro, kwa sababu ilikuwa nzito na yenye mashapo, ilhali bia ya chupa iling'aa.

Kosa hili lina upande wa pili, nao ni wa hatari zaidi. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa nchini Kenya, na wengine wakapofuka, kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Methanoli ni angavu kama maji ya chemchemi. Mwilini hugeuka kuwa asidi ya fomiki, inayoharibu neva ya jicho. Kuchuja hakuiondoi, na mnywaji hawezi kuitambua kwa kuitazama wala kwa kuinusa. Hugunduliwa kwa vipimo vya maabara.

Usafi wa kinywaji, basi, hutokana na maji, vyombo, hamira, joto na vipimo. Tukitaka kuwasaidia wapikaji wa pombe zetu za asili, tusianze kwa kuwaaibisha kwa sababu ya mashapo. Tuwapelekee kipimajoto, kipimo cha asidi, na maabara iliyo karibu ya kutosha hata sampuli ifike kabla pombe haijanywewa.