Tetemeko la Ardhi: Wataalamu Hukadiriaje Mtikiso?

Usiku wa tarehe 12 Agosti, 2020, tetemeko la kipimo cha 6 hivi lilitokea chini ya bahari, kusini-mashariki ya Dar es Salaam, likahisiwa mpaka Mombasa. Tangu hapo wengi huuliza: Je, wataalamu hawawezi kutuambia mapema?

Siku na saa hawawezi kuzitaja, na mtu akijidai kuzijua msimsadiki. Lakini waweza kukadiria jambo lenye faida kwenu mliopewa mashamba na mnaojenga nyumba mpya: ufa fulani ukiteleza, ardhi ya mahali fulani itatikisika kwa nguvu gani.

CHANZO. Chini ya ardhi mna nyufa kubwa katika miamba. Pande mbili za ufa husukumwa polepole miaka mingi, lakini hushikana. Sukuma kasha zito sakafuni: kwanza halisogei, kisha huteleza kwa ghafula na kutikisa sakafu. Ndivyo miamba ifanyavyo.

HESABU. Wataalamu huzidisha urefu wa ufa, kina chake, umbali uliotelezwa, na ugumu wa mwamba. Hapo hupata ukubwa wa tetemeko. Huko Subukia, tarehe 6 Januari, 1928, ardhi ilipasuka kwa urefu wa kilomita 38 hivi, na kipimo kilikuwa 6.9. Msidhani hiyo ni zaidi kidogo tu ya 6. Kila kipimo kikiongezeka kwa 1, nguvu huzidi mara 32 hivi. Basi tetemeko la Subukia lililizidi lile la baharini zaidi ya mara 20.

Tena, ufa hauachi wote mara moja, bali huchanika kama nguo, toka mwisho mmoja hata wa pili. Kwa hiyo wataalamu huugawa katika vipande, kama shamba lenye matuta, wakahesabu kwa kompyuta mawimbi ya kila kipande, kisha wakayajumlisha. Mara nyingi walio upande unakoelekea mpasuko hupata mtikiso mkali kuliko walio nyuma.

UMBALI NA UDONGO. Mawimbi hupungua nguvu kadiri yaendavyo mbali. Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba, 2016, lilikuwa na kipimo karibu sawa na lile la baharini, lakini lilitokea karibu na watu. Zaidi ya watu 15 walikufa, na nyumba nyingi zikabomoka.

Udongo nao una neno lake. Mwamba mgumu hutikisika kidogo. Tope na mchanga wenye maji huuzidisha mtikiso. Hapa Nyali nyumba nyingi zimesimama juu ya jiwe la matumbawe, lakini kando ya hori, penye mikoko, ardhi ni tope. Nyumba mbili za namna moja zaweza kupatwa na tetemeko moja, hii ikapasuka na ile ikasalia nzima.

LA KUFANYA. Mkijenga nyumba au ghala, chagueni ardhi ngumu, si kinamasi wala udongo wa kujazia. Zungusheni linta ya zege na vyuma juu ya kuta zote, bila kuikata. Fungeni mapaa imara na kuta. Tangi la maji lisiwekwe juu ya miguu dhaifu, wala magunia yasipangwe juu ya mahali mnapolala.

Mwenye shaka juu ya kiwanja chake na aulize fundi mjuzi kabla ya kuchimba msingi. Ufa ulio chini hatuwezi kuuzuia, lakini ukuta tunaujenga wenyewe.