Kabla umwite mtoro, muulize amelala wapi

Shuka namba 8 pale Olympic saa nne asubuhi, siku ya shule, kisha utazame kando ya vibanda. Hutakosa kijana mwenye sweta ya shule, begi mgongoni, na haonekani kwenda popote. Wewe unapita ukisema moyoni, huyu ni mtoro tu.

Shida ni kwamba rejista ya darasa inajua mambo mawili pekee: yupo, hayupo. Haina nafasi ya kuandika kwamba jana familia nzima ililala chumba kimoja na jirani akapigana na mkewe hadi saa tisa usiku. Wala haitakuambia kwamba kuna msee wa sekondari ambaye kila akikaribia geti moyo unaenda mbio, mikono inatoka jasho, na hajui ni nini. Ya njaa na karo tunaongea. Hiyo ya moyo tunanyamazia, au tunasema anajifanya.

Na zote zimeshikana, buda. Tangu 2018 mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi wa shule ya kutwa umewekwa kuwa Sh22,244 kwa mwaka. Sawa. Sasa muulize mathee yeyote Gatwekera au Kawangware kuhusu pesa ya chakula cha mchana, ya mitihani, ya sweta. Salio likibaki, mtoto anarudishwa nyumbani. Akirudishwa mara mbili tatu, anaanza kujificha mwenyewe kabla jina lake halijasomwa mbele ya wenzake. Anakosa somo la hesabu, akirudi haelewi kitu, anajiona mjinga, kesho hatokei. Hapo hata ukilipa hiyo salio, usishangae akikataa kurudi.

Wengine tunawapokea na kiboko. Viboko shuleni vilipigwa marufuku 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza kumtesa mwanafunzi kimwili na kisaikolojia. Kwa ground unajua mambo yalivyo. Lakini hebu fikiria: mtu anaogopa kuja, amejikaza akaja, halafu unamcharaza kwa sababu jana hakuja. Wiki ijayo atakuja kufanya nini?

Kuna kitu kilijaribiwa hapa hapa Kibera na ninataka ukijue, kwa sababu kinakuhusu wewe mwenye miaka 20 na kitu. Mkenya anaitwa Tom Osborn na wenzake walichukua wanafunzi 51 wa sekondari moja, wa miaka 14 hadi 17, waliokuwa na dalili za huzuni kali au wasiwasi. Nusu hivi waliingia mpango wa Shamiri, wengine wakafundishwa mbinu za kusoma. Walikutana kwa vikundi, mara moja kwa wiki, wiki nne. Hakukuwa na daktari. Waliongoza ni vijana waliomaliza sekondari juzi tu, wakapewa mafunzo mafupi. Waliongea kuhusu mtu kuweza kubadilika, kuhusu shukrani, na kuhusu yale ambayo kila mmoja anayathamini maishani.

Matokeo yalichapishwa 2020: kikundi cha Shamiri kilipungukiwa na huzuni na wasiwasi zaidi ya wenzao, na alama za darasani zikapanda. Baadaye walirudia na wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu, matokeo yakatoka 2021, na dalili zikapungua tena kuliko kwa wale wa mbinu za kusoma. Haponi kila mtu, na aliye katika hatari bado anahitaji mtaalamu. Ila nilipenda kwamba hawakuanza kwa kumwambia mtoto kuwa ni mgonjwa. Jina lenyewe ni la kustawi, na mtaani mtu ataingia darasa la kustawi bila kuchekwa.

Mwalimu wa ushauri nasaha mara nyingi ana masomo yake ya kufundisha pia, kwa hivyo usimwachie kila kitu. Kama wewe ni kaka au dada mkubwa, mfuate mwalimu wa darasa, mwambie ukweli wa nyumbani, umwombe mtoto akirudi apewe daftari la mwenzake anakili alichokosa, na asiulizwe maswali mbele ya darasa. Deni lijadiliwe na mzazi, si na mtoto.

Na akikwambia amechoka kuishi, usimkemee, na usimwache peke yake. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Zamani watu walinyamaza pia kwa kuogopa polisi, maana kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho cha 226 kinakiuka Katiba. Laini ya watoto ni 116, bure, usiku na mchana. Piga ukiwa naye hapo, muweke spika, asikie mwenyewe.